Mtandio wa Ghorofa ya Tatu

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matofali, mbele ya kibanda cha kinyozi, na ukikaa vibaya unainuka na msumari. Upande mmoja fundi saa ameweka kimeza chake. Watu humwita Dakika, maana saa yako italala kwake wiki nzima na yeye bado anakwambia "dakika moja tu". Upande wa pili hukaa Wakili, aliyefika mahakamani mara moja maishani, kama shahidi, akatolewa nje kwa ubishi. Katikati hukaa birika, na nyuma ya birika mwenyewe, Mama Birika, anayemimina kahawa na kuguna. Asubuhi hiyo Dakika alikuwa ameshika saa ya mtu kichwa chini miguu juu, wala hana habari.

— Nipeni akili, jamani. Mama mkwe anaingia leo. Anataka nimpeleke kwenye lile duka.

— Duka gani? — akauliza Kinyozi, mashine mkononi, mteja akisubiri na nusu kichwa.

— La mtandio.

Mwaka uliopita Dakika alimpelekea mama mkwe mtandio wa maua ya zambarau. Kwenye simu, sifa zilipomkolea, akasema ameuchagua mwenyewe ghorofa ya tatu, katika jengo lenye ngazi zinazopanda zenyewe. Ukweli ni kwamba aliununua hapohapo kwenye ubao, bila hata kusimama, kutoka kwa Begani, mchuuzi anayepita na nguo bega zima. Wenzake hawakuwapo saa hiyo, naye hakuwaambia. Sasa mama mkwe alitaka wa pili, wa dada yake, na alitaka kuuchagua kwa mkono wake. Dakika aliogopa kweli. Mzazi aliyekupa binti yake akikukamata na uongo mmoja, ataanza kuikagua na ndoa.

— Mimi maduka yote nayajua, — akasema Wakili, akavuta kikombe. — Jengo la vioo, kule mjini kati. Ila mlangoni unaingia kinyumenyume.

— Kwa nini?

— Mlinzi akuone kama unatoka. Anayetoka hakaguliwi. Na usimnunulie mkwe kitu cha barabarani, ndugu yangu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Dakika akapaliwa na kahawa.

— Vioo ni vya washamba, — Kinyozi akadakia. — Mgeni anapelekwa nyuma ya stesheni, kwenye maduka ya jumla. Wanauza gizani.

— Gizani?

— Bei isikuone sura. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, ndiyo maana mitandio mizuri yote iko ghorofa ya juu.

— Hapo umekosea, — akasema Wakili. — Iko chini ya ardhi. Nguo ikitazamwa na watu mia bila kununuliwa inaona haya, inashushwa huko. Wenye mji ndiko wanakovalia.

— Na yale masanamu ya dirishani? — akauliza Dakika.

— Yale? Ni wateja walioomba kupunguziwa.

Mteja wa Kinyozi akajishika nusu yake yenye nywele. Mama Birika akaguna. Dakika naye, masikini, alikuwa akiyashika yote: kinyumenyume, gizani, chini ya ardhi, usiombe kupunguziwa. Hakuwahi kukanyaga jengo kama hilo, na aliwaamini wenzake kama mgonjwa anavyoamini dawa chungu.

— Hodi hapo!

Wote wakasimama. Mama mkwe huyo, mtandio wa zambarau kichwani. Binti yake, mke wa Dakika, alikuwa ametangulia nyumbani na mizigo. Yeye alitaka kumwona kwanza mkwe kazini kwake.

— Shikamoo, mama, — akasema Dakika.

— Marahaba, mkwe wangu. Nimesimama hapo nyuma nawasikiliza. Mnaujua mji, wanangu! Haya, aliyeingia huko majuzi ni nani, atuongoze?

Wakili akamtazama Kinyozi. Kinyozi akapuliza mashine isiyo na vumbi. Dakika akatazama msumari wa ubao, akatamani kuukalia.

— Kahawa imekwisha, — akasema Mama Birika, ingawa birika lilikuwa bado linatoa mvuke.

Na balaa haliji peke yake. Kona ikamtapika Begani, bega limejaa.

— Dakika! Mitandio kama ule uliochukua mwaka jana imerudi! Wakili, shati lako lile nalo lipo. Kinyozi, suruali!

Mama mkwe akavua mtandio wake, akaulinganisha na wa begani, ua kwa ua.

— Aliyesema kibaya chajitembeza ni nani?

— Wahenga, mama, — akajibu Wakili haraka. — Mimi nilikuwa nawasindikiza tu.

— Mama, nisamehe, — akasema Dakika. Machozi yalikuwa karibu.

— Nyamaza kwanza, nachagua.

Akaketi kwenye ubao, akaukwepa msumari kama mwenyeji, akamshusha Begani bei mpaka jasho likamtoka. Kisha akatoa simu.

— Kule kwetu mtaa mzima unalijua duka lako, — akamnong'oneza Dakika. — Ngazi ulileta wewe. Muziki na marumaru nimeongeza mimi. Unataka nirudi nikaumbuke?

Akaweka simu sikioni.

— Dada! Ndiyo, niko humo dukani! Ghorofa ya tatu! Makelele? Ni watu, dada, watu wamejaa. Mkwe wangu ndiye ananiongoza.

Dakika akavuta pumzi. Moyo ukarudi mahali pake, akaona anampenda mama huyu kuliko alivyowahi kusema. Mara mama mkwe akaziba simu kwa kiganja na kuwageukia wote.

— Anauliza hivi: ngazi zikishakupandisha zenyewe, kushuka unashukaje?

Wakili akanyoosha kikombe kwa Mama Birika. Safari hii hata birika lilikuwa limekauka kweli.