Madaftari Saba ya Mwalimu Apolinary

Baba Paroko, viongozi wa mtaa, walimu, ndugu na majirani mliofika hapa Nangara leo, Jumamosi tarehe 19 Julai 2025, familia inawasalimu na kuwaomba uvumilivu, kwa kuwa historia hii ni ndefu kuliko kamati ya mazishi ilivyotuelekeza. Imeandikwa na Bernadeta, mama mzazi wa marehemu, na inasomwa na Wilbroad, baba yake mdogo. Urefu wake una sababu moja, marehemu aliomba kwamba siku ya kuzikwa kwake watu waambiwe alikuwa anatafuta nini kwa miaka kumi na minne, na mama yake akaahidi, ingawa alijua wakati anaahidi kwamba hataweza kulieleza vizuri.

Marehemu Apolinary Vitus Margwe alizaliwa Jumanne tarehe 14 Machi 1989 katika zahanati huko Bonga, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Bernadeta na Vitus Margwe, fundi baiskeli, aliyefariki tarehe 3 Oktoba 2006. Dada yake ni Kornelia, ambaye yuko hapa. Alizaliwa na kilo mbili na robo, alichelewa kusema hadi watu wakaanza kuuliza, na siku aliposema alianza na maswali, akaendelea nayo.

Alisoma shule ya msingi Bonga kuanzia Januari 1997 hadi 2003, akachaguliwa kwenda seminari ndogo Januari 2004, ambako alimaliza kidato cha sita Februari 2010, akisifiwa kwa alama nzuri na kusemwa kwa kupoteza viatu kila muhula. Septemba mwaka huo alijiunga na seminari kuu kusoma falsafa, na Juni 2013, alipomaliza hatua hiyo, aliamua kwa hiari yake kutoendelea na upadre. Mama yake hakufurahi, na hilo linasemwa hapa kwa sababu marehemu mwenyewe alilijua.

Alilolichukua kutoka seminari ni hili. Mwaka 2011 katika maktaba kulikuwa na sanduku la vitabu vya msaada ambalo hakuna aliyekuwa amelifungua, naye akalifungua, na ndani yake akakuta kitabu kuhusu mafundisho ya siri ya Wayahudi, yale yanayoitwa Kabala. Wakati huo darasani alikuwa anasoma falsafa ya Wayunani wa kale, ambao miongoni mwao walikuwapo waliofundisha kwamba vitu vyote vimetoka kwa Mmoja, asiye na jina wala umbo, aliyefurika kama chemchemi bila mwenyewe kupungua. Katika kitabu kile akawakuta Wayahudi wa Hispania, karibu miaka elfu moja baadaye, wakisema juu ya Asiye na Mwisho, ambaye kwake hutoka mianga kumi, mmoja ukimwagikia mwingine, hadi kuifikia dunia hii. Marehemu aliona ni maji yaleyale, akataka kujua yalipita mfereji gani, nani aliyachota kwa nani, na kila aliyeyapitisha aliongeza nini. Hiyo ndiyo kazi aliyokuwa akiiandika. Kwa waliodhani anaanzisha dini, haikuwa dini, aliendelea kwenda misa ya kwanza kila Jumapili hadi aliposhindwa kutoka kitandani.

Baada ya kuhitimu shahada ya ualimu mwaka 2016, aliajiriwa Januari 2017 katika shule ya sekondari huko Sigino, akifundisha Historia na Kiswahili, na alikaa hapa nyumbani na mama yake. Alikuwa na ratiba moja, shule hadi saa tisa, ng'ombe hadi saa kumi na moja, kisha daftari. Jumamosi alikwenda dukani kwa Mzee Abdulsalam, muuza vitambaa karibu na sokoni, kwa sababu maneno ya Wayunani yaliwafikia Wayahudi wengi kupitia vitabu vilivyofasiriwa kwa Kiarabu, na mzee huyu alisoma Kiarabu tangu utoto. Mzee alikuwa akimwona tu anavuka barabara anawaambia wateja, "Ngojeni kidogo, mwalimu ameniletea tena Wayahudi wake," lakini alimpisha kiti, na kati ya kupima kitambaa cha huyu na kitenge cha yule walikuwa wakibishana juu ya neno moja hadi adhuhuri.

Nyumbani alibishana na mama yake. Mama, ambaye amekulia kwenye zamu za maji ya mfereji, alimwambia hajawahi kuona chemchemi isiyopungua mwezi wa tisa, na kwamba anayemwaga bila kupungua labda hakuwa na kitu. Marehemu alicheka, kisha akaeleza kwamba walikuja Wayahudi wengine baadaye waliosema Mungu alijikunja kwanza, akapungua kwa makusudi, ili dunia ipate nafasi. Hilo mama alilielewa bila kusaidiwa, na marehemu aliliandika lile jibu la mama juu ya chemchemi katika daftari la tatu, pamoja na tarehe.

Kuhusu ndoa, mwaka 2022 posa ilipelekwa kwa wazazi wa mwalimu mwenzake, Vailet, ikapokelewa, na mwaka uliofuata ikarudishwa kwa sababu za ugonjwa zitakazoelezwa. Familia haina neno naye, na tunashukuru kwamba amekuja. Marehemu hakujaliwa mtoto. Kamati ilisema sehemu ya watoto irukwe, lakini mama ameomba iandikwe hapa kwamba ameacha madaftari saba makubwa.

Sasa ni habari ya ugonjwa. Mwezi Mei 2023 marehemu alianza kuumwa kichwa asubuhi, kutapika bila kula kitu kibaya, na kusimama ubaoni akiwa amesahau neno alilotaka kuandika. Wanafunzi walisema mwalimu anaongea na Wayahudi. Wanajumuiya walikuja kusali, walikuja kwa upendo, na mmoja akauliza vitabu vya siri za watu wengine vinafanya nini katika nyumba ya Mkristo, na swali hilo lilibaki ndani walipoondoka. Jumapili tarehe 9 Julai 2023 kilifanyika kikao cha ukoo, ikaamuliwa kwamba kusoma kupita kiasi ndiko kunakomwumiza, na kwamba madaftari yaondolewe apumzike. Mama ndiye aliyeyafunga kwenye mfuko wa salfeti kwa mikono yake, na baba mdogo Wilbroad, anayesoma maneno haya, aliyabeba kwa pikipiki hadi kwenye ghala lake la mahindi huko Sigino. Marehemu alisimama mlangoni, hakuzuia, alisema tu, "Mama, kichwa ndicho kinachouma, siyo daftari."

Madaftari yalikaa ghalani karibu miezi minane, na miezi hiyo yote alipewa panadol, maombi na supu. Hakuna aliyemtakia mabaya. Februari 2024 Kornelia alikuja kutoka Singida, akamkuta anapapasa ukuta kutafuta mlango, akampeleka bila kuuliza mtu hospitali ya rufaa, alikopigwa picha ya kichwa ikaonyesha uvimbe kwenye ubongo, mkubwa, wa siku nyingi. Mama alimuuliza daktari kama miezi minane ingebadilisha kitu. Daktari alisema, "Mama, hilo siwezi kukuambia," na mama hajapata mtu mwingine wa kumuuliza.

Jumamosi tarehe 2 Machi 2024 madaftari yalirudishwa. Panya walikuwa wamekula daftari la tano, kurasa ishirini na zaidi, na hilo ndilo lililokuwa na habari za yale maneno ya Kiarabu. Marehemu aliligeuzageuza, akasema si neno, ataliandika upya. Aprili alifanyiwa upasuaji Dar es Salaam, sehemu ya uvimbe ikatolewa na sehemu ikaonekana haiwezi kuguswa, akapata matibabu ya mionzi, akarudi nyumbani tarehe 20 Agosti 2024. Hakuliandika upya, kwa sababu kufikia Novemba alikuwa haoni.

Kuanzia Januari mwaka huu mama yake alimsomea madaftari yote kwa sauti, kila siku baada ya kukamua, yeye akiwa na kidato cha nne cha mwaka 1984 na miwani ya kununua sokoni. Alisoma maneno asiyoyajua, marehemu akimrekebisha akiwa amefumba macho, na walipofika kwenye daftari la tano Mzee Abdulsalam alifunga duka siku tatu mfululizo, akaja na kigoda chake, akakaa kando ya kitanda akikumbuka kwa sauti walichowahi kubishana, mama akiandika. Mzee alisema mwenyewe kwamba kilichorudi hakifiki nusu.

Mwezi Juni walifika mwisho wa daftari la saba, ambalo halina mwisho. Lina swali. Wale Wayunani wa chemchemi walisema Mmoja hageuki kutazama alichokimwaga, kama vile maji yasivyojua nani anayakunywa. Wayahudi wa siri waliyapokea maji hayo, lakini wakasema kwamba anachofanya mtu huku chini, sala yake, mkate anaompa maskini, hupanda na kufika, na kwamba huko juu kinasubiriwa. Marehemu alitaka kujua neno hilo la kusubiriwa lilitoka wapi, kama ni la Wayahudi tangu mwanzo, au walikuwapo Wayunani wa baadaye waliolijua nao, na kama ni kweli. Baada ya hapo kuna kurasa arobaini nyeupe.

Mama alipofunga daftari marehemu alimuuliza, "Umeelewa, mama?" Mama akajibu, "Sijaelewa, mwanangu. Nimesoma yote, lakini sijaelewa." Akasema, "Basi waambie hivyohivyo, labda kati yao yupo anayejua."

Kuanzia tarehe 10 Julai alikuwa haongei wala hamezi. Mama na Kornelia walimgeuza, walimfuta, walimlowesha midomo kwa pamba, hapakuwa na kingine cha kufanya. Alifariki hapa nyumbani Alhamisi tarehe 17 Julai 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka thelathini na sita, miezi minne na siku tatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali zote alikotibiwa, walimu wenzake waliogawana vipindi vyake mwaka mzima bila kulalamika, wanajumuiya, ambao mama anawaomba wasijilaumu, kwa kuwa aliyefunga mfuko ni yeye, majirani wa Nangara waliowakatia ng'ombe wetu majani, na Mzee Abdulsalam, aliyefunga duka.

Kama yupo hapa anayejua jibu la swali lile, au anayemjua anayejua, nyumba ni hii na haifungwi mchana. Hatuna tulichobaki nacho zaidi ya kuuliza.

Apolinary, tumewaambia kama ulivyoomba. Pumzika kwa amani, mwanangu, madaftari yako kabatini, yamefungwa kwa nailoni, panya hawafiki.