Mwanamke Asiye na Meno

Ijumaa, tarehe 11 Agosti 1905, ukungu wa asubuhi ulikuwa umeulalia mto Rufiji. Mwanahawa, mzazi ambaye arobaini yake ilikuwa haijatimia, alipanda mtumbwi wa kuvukia pamoja na kichanga chake, akikimbilia kwa mama yake ng'ambo kwa sababu ya vita. Mumewe Huseni, aliyekunywa maji ya dawa ili risasi za Wajerumani zisimdhuru, aliketi mbali nao mtumbwini humo.

"Mjukuu wangu, mpokee mwenzio mtoto, amechoka," abiria mmoja kikongwe alimwambia.

"Bibi, dawa ina mwiko. Nisiguse mwanamke."

"Mwanamke yupi? Huyu hana hata jino!"

"Mwiko haukutaja meno."

Watu wakacheka, hata mpiga kafi, ambaye naye alikuwa ameyanywa maji hayo hayo. Mwanahawa hakucheka. Tangu amzae bintiye, baba mtu hajampakata, na leo anakwenda vitani.

"Na usiporudi je?" kikongwe aliuliza.

Mtumbwi uligusa ukingo. Huseni akasimama, akamtazama mtoto, akasema kwa sauti, "Nyote ni mashahidi. Mungu akinirudisha, kabla sijala wala kunywa, nitampakata binti yangu."