Mkono Uliosahauliwa Kitanda Namba Nne

Leo, tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya utumishi, mtaalamu wetu wa ganzi, Babu Sindano, anastaafu. Tafadhali msimpe mkono wa kulia. Bado haujaamka.

Alipoanza kazi hapa, mgonjwa aliyepasuliwa bega alizinduka akilia mpaka wodi nzima ikakosa usingizi. Yeye ndiye aliyetufundisha kuchoma sindano ubavuni mwa shingo, jirani na mishipa ya fahamu, ili bega na mkono vilale hadi kesho yake na maumivu makali yapite kimyakimya.

Shida ikawa mkono wenyewe. Mgonjwa wa kitanda namba nne alibonyeza kengele akilalamika kwamba kuna mtu amesahau mkono kitandani mwake. Muuguzi alimweleza, akakataa katakata. Mkewe alipoitwa kuutambua, naye aliomba muda wa kufikiri. Tangu siku hiyo kila mkono unaolazwa huandikwa kwa kalamu: "Huu ni wako. Utaamka kesho."

Lakini mganga hajigangi. Kwa miaka sita bega lake mwenyewe lilimtesa, hata shati akawa anavalishwa na mkewe. Upasuaji aliuahirisha mara tisa, mara moja kwa sababu ya mawingu. Ukweli ni kwamba Babu Sindano anaogopa sindano, na mtu pekee aliyemwamini kuichoma ni yeye mwenyewe. Tulimkuta mbele ya kioo akijipimia shingo kwa peni. Tukamnyang'anya.

Mkewe alituonya kwamba akistaafu bila kutibiwa, atazeeka na maumivu yake. Jana mchana Babu akaja, akalala mezani, akamwita mwanafunzi wake, ambaye ndiye anayeandika haya.

"Choma, mwanangu," alisema. "Usiniulize kama niko tayari."

Saa kumi na moja jioni, bega likiwa limeshapasuliwa, kengele ya kitanda namba nne ililia. Babu alitaka mwenye mkono aje auchukue. Muuguzi akaugeuza, akamwonyesha maandishi. Alisoma mara mbili, akasema mwandiko wa mwanafunzi wake bado mbaya, kisha akalala fofofo kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita.

Leo hatatoa hotuba, kwani ganzi imemkwaruza sauti. Kope moja nalo limeshuka, kwa hiyo akikukonyeza, usijidanganye. Yote yatapita pamoja na ganzi.

Asante, Babu, kwa mikono yote uliyoilaza ukairudisha kwa wenyewe. Tunakutakia maisha mema. Wako utaamka jioni hii, nasi tutakuwa pembeni na vidonge vya maumivu mapema, kama ulivyotufundisha.