Tonge Alilonilisha Yona

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi mliomwamini tangu utotoni, asifiwe na sisi tuliokuja tukiburuta miguu.

Wengi wenu mnanifahamu kama mke wa Mathayo, yule fundi wa kuchomelea kule Kizota. Mnanifahamu pia kama yule dada anayenyoosha mkono katikati ya somo la Biblia na kuuliza, "Hilo tumelijuaje?" Mchungaji amekwisha kunizoea. Nimesoma chuo kikuu hapa hapa Dodoma, nafundisha Baiolojia sekondari, na kuuliza ndiyo kazi inayonilisha. Kwa hiyo nikisimama hapa mbele leo, najua kuna watu wanatazamana. Hata mimi asubuhi nilijitazama kwenye kioo nikasema, na wewe tena?

Lakini nimetendewa jambo, ndugu zangu, na nimeshindwa kukaa nalo kimya.

Mwanangu Yona alikuwa ndiyo kwanza ameanza kutembea bila kushika kuta nilipogundua kwamba nina mimba ya pili. Hatukuwa tumeipanga, ila tuliifurahia. Mimba hii ilikuja na usingizi. Nikitoka shule nilikuwa najitupa kitandani pale kwetu mtaa wa Kikuyu na Yona ananifuata, ananyonya huku akichezea kidole changu. Ulikuwa wakati wa kiangazi. Upepo unavuma mchana kutwa, vumbi linaingia hata dirisha likiwa limefungwa, pazia linajaa na kunywea, linajaa na kunywea, kama kitu kinachopumua. Mimi nasinzia, Yona anasinzia, na yule wa ndani naye nadhani alikuwa anasinzia. Sikujua nani amelala ndani ya nani. Nikiulizwa raha ni nini, nitasema ni yale majira ya saa kumi.

Jirani yangu mmoja, Mama Happy, alinikuta siku moja nimekaa barazani nanyonyesha.

"Mama Yona, bado unanyonyesha? Na hilo tumbo?"

"Nanyonyesha, dada. Kuna ubaya?"

"Ubaya? Utambemenda mtoto wa watu!"

Mnajua linavyosemwa jambo hilo kwetu: kwamba mama akishika mimba na mtoto bado yuko ziwani, maziwa yanaharibika, na yule wa tumboni anamnyonya nguvu aliyetangulia hadi anakonda na kudhoofika. Nilicheka. Nikamweleza Mama Happy maziwa yanavyotengenezwa, nikamwambia kwa mama mwenye afya hakuna madhara, mradi ale vizuri.

"Cheka tu, mwalimu," akaniambia. "Vitabu havinyonyeshi."

Ndugu zangu, nilicheka hadi siku ile Yona alipopata homa na kuharisha. Watoto huharisha, mnajua. Zahanati walimtibu, na baada ya siku chache ikaisha. Lakini kitu kilikuwa kimeingia ndani yangu. Nikilala mchana nikawa naota nyumba yenye mlango mmoja mwembamba, na mtoto mmoja akitaka kuingia ni lazima mwingine atoke. Naamka. Naota tena. Mimi nisiyeamini ndoto! Nikaenda nyuma ya nyumba, nikachuma majani ya mwarobaini, nikayaponda, nikajipaka kifuani.

Yona alionja uchungu ule, akaachia, akanitazama. Hakulia. Laiti angelia! Alinitazama tu kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu.

Tangu siku hiyo akakataa kula. Uji akakataa. Ndizi akakataa, mtindi akautema. Mathayo akija na mkate kutoka kazini, Yona anaugeuza geuza mkononi kisha anauweka chini kwa adabu kabisa, kama mgeni aliyekwisha kula alikotoka. Maji alikunywa, na vijiko vichache vya uji usingizini, basi. Tulirudi zahanati, tukaenda na hospitali. Walimpima, hawakuona ugonjwa. Wakatupa ushauri mzuri, nikaufuata wote. Yona akazidi kupungua. Mnaikumbuka ile Jumapili alipokuwa akipita hapa mbele kutoa sadaka, suruali yake ikamteleza mpaka miguuni? Mlicheka, na kweli ilichekesha. Mimi nilitoka nje, nikalia nyuma ya choo cha kanisa.

Kila mtu alikuwa na maelezo. Wengine walisema amebemendwa. Wengine hapa hapa, msinikasirikie, walisema ni roho chafu. Mimi nilikuwa na maelezo yangu ya kitabuni, na hayakunisaidia zaidi ya hayo mengine. Tumbo langu linakua, mwanangu anapungua. Nafundisha darasani kwamba mambo mawili yakienda pamoja si lazima moja liwe limesababisha lingine. Nilijiambia hivyo kila siku. Halafu naona mifupa ya bega la Yona, nashika tumbo langu, namwambia yule wa ndani, unamfanyia nini kaka yako?

Ndiyo hofu niliyokuwa nayo. Nilianza kumwogopa mwanangu ambaye hajazaliwa. Alipocheza tumboni kwa mara ya kwanza sikumwambia hata Mathayo.

Ndipo mama mkwe akaja kutoka kijijini kwake Mlali. Alimbeba Yona, akampima kwa mikono.

"Nipe mimi," akasema. "Akikaa anakuona, anakumbuka ziwa. Akikusahau atakula. Na usije mpaka nikuite, umesikia, Mama Yona?"

Hivyo ndivyo bibi wengi wanavyofanya, wala hakuwa na nia mbaya. Yona akaondoka mgongoni kwa bibi yake, amefungwa kwa kitenge changu, hata mkono hakupunga.

Nyumba bila mtoto, ndugu zangu! Upepo ulikuwa ule ule na pazia lile lile. Nilikuwa natembea ndani kama naogelea, naanza kukunja nguo zake naishia kuzishika tu. Nilijaribu kuomba. Maneno yaliishia kwenye paa. Nilimwambia Mathayo, "Mimi naongea na bati." Akanijibu, "Basi endelea kuongea na bati, mke wangu, mradi uongee."

Kisha mama mkwe akapiga simu. Sauti yake ilikuwa imepoteza ile nguvu ya amri. "Bado hali, mwanangu. Kesho tunamrudisha hospitali. Njoo, tuwe wote. Ila ukifika pitia nyuma kwanza, asikuone, nimjaribu na chakula mara ya mwisho."

Nilipanda basi, nikamalizia kwa bodaboda niliyoisihi iende taratibu. Mlali mavuno yalikuwa yamekwisha. Mashamba yalikuwa meupe kwa mabua, na hewa ilikuwa imetulia kwa namna ambayo unaona mbali na kila kitu kinaonekana kama kimechorwa. Nilipitia nyuma kama nilivyoambiwa. Nikakaa chini kwenye kivuli cha ghala la uwele, mgongo ukutani. Upande wa pili nilisikia sufuria, nikasikia mama mkwe anabembeleza, "Kula, babu. Tonge moja tu, babu yangu. Hata hili dogo?" Nikasikia ukimya wa Yona. Ninyi wazazi mnajua, ukimya wa mtoto una sauti yake.

Hapo ndipo niliposhindwa. Sikupiga magoti, tumbo lisingeniruhusu. Nilisema hivi, na nayasema kama yalivyokuwa: "Mungu, sina hakika kama upo. Sina hakika kama hiki ninachofanya ni kuomba. Lakini mimi siwezi kumlisha. Nimeshindwa. Mlishe wewe." Nikafumba macho. Nadhani nilisinzia, au nilikuwa katikati, jua likiwa jekundu nyuma ya kope zangu.

Nilipofumbua, Yona alikuwa amesimama mbele yangu.

Sijui alijuaje. Tulitazamana. Nilitaka kumnyakua, mikono haikuinuka. Akanitazama usoni, akanitazama tumboni, akageuka, akaondoka. Nikajisemea, haya, nimejibiwa. Amenisahau kweli.

Akarudi, ndugu zangu! Akarudi na tonge la ugali amelifinya kwenye ngumi, mlenda unamchuruzika hadi kwenye kiwiko. Akanisogelea, akanibandika lile tonge mdomoni. Lilikuwa na mchanga. Nikala. Akanitazama ninavyotafuna, anakazana kutazama kama fundi anayekagua kazi. Nilipomeza akaondoka tena, akaja na lingine. Hili hakunipa mimi. Akalipeleka tumboni kwangu, akalipaka pale juu ya gauni, akalisukuma kwa kiganja liingie. Anamlisha! Anamlisha mwenzake! Akasubiri kidogo. Kisha kile kilichobaki kiganjani akakitia kinywani mwake, akatafuna, akameza.

Sikupumua. Niliogopa kupumua. Akaenda akaleta lingine: kidogo kwangu, kidogo kwa tumbo, kidogo kwake. Na lingine. Mama mkwe akatokeza kwenye kona ya ghala ameshika sahani tupu, akaona mlenda ulivyotapakaa kwenye gauni langu.

"Nilikwambia ujifiche," akasema. "Ndiyo kujificha huku, tumbo lote limetangulia nje?" Kisha akakaa chini vumbini pembeni yangu, akaanza kulia na kucheka kwa Kigogo, siwezi kuwatafsiria.

Ndugu zangu, mnanijua. Njiani kurudi nilikuwa tayari nauliza. Labda njaa ilimzidi. Labda alihitaji kuniona. Labda watoto hula wakiona tunakula, na mimi kwa wiki zile zote nilikuwa namlisha huku mwenyewe sina hamu ya kula. Yote yanawezekana, na mtu akiniletea sababu nyingine nitaisikiliza. Nilikwishamwambia Mungu kwamba sina hakika, na sitamdanganya leo kwa sababu nimeshika kipaza sauti.

Lakini nawashuhudia jambo moja ninalolijua kwa sababu lilitokea ndani yangu. Nilikwenda Mlali naamini kwamba mapenzi yangu ni sahani moja, mmoja akila mwingine atalala njaa. Mtoto asiyejua hata kusema jina lake alinionyesha mbele ya macho yangu kwamba aliyekataa kula alianza kula pale alipoanza kugawa. Nilikuwa nimeomba alishwe yeye, nikalishwa mimi kwanza. Ile hofu iliniachia pale pale chini. Niliweka mkono tumboni, palipokuwa na mlenda, nikamsalimia mwanangu wa pili kwa mara ya kwanza. Akanipiga teke la nguvu kweli! Namshukuru Mungu. Nasema namshukuru, na ninamaanisha.

Yona tulirudi naye. Hospitali walimwona, wakasema aendelee hivyo hivyo, na anaendelea. Mwenzake anatarajiwa wakati wowote sasa. Mkiona nimekaa ghafla msishtuke, mwiteni tu Mathayo.

Namshukuru mama mkwe, namshukuru mume wangu aliyenivumilia, nawashukuru ninyi mlioniombea na hata wale mlionisema. Na wewe uliyekaa pale nyuma, uliyekuja kwa kusukumwa na mkeo au na mama yako, kichwa kimejaa maswali: sikuambii uyaache nje. Njoo nayo. Mwambie Mungu ukweli, hata kama ukweli wenyewe ni kwamba huna hakika kama yupo. Mwambie usichoweza. Mimi nilimwambia hivyo tu, na sikufukuzwa.

Kuna mtu hapo kwenye benchi la nyuma anatafuna karanga kwa kelele tangu nilipoanza kuongea, na nimewaona wazee wa kanisa wakimgeukia. Ni Yona. Nawaomba, ndugu zangu, mwacheni ale.