Mchango wa Msiba Uliofika Kortini

Yesu aliye hai apewe sifa, ndugu zangu wa kanisa letu hapa Granville. Mimi ni Mama Riziki, mnanijua, sauti yangu haihitaji kipaza. Leo nitasema polepole, maana jambo lenyewe ni zito.

Kaka yangu Amani anaishi Skotilandi. Alikamatwa akibeba vitu vya wizi kwenye gari lake. Alikiri, akafungwa, akatoka. Hapo sina la kumtetea. Lakini baada ya hukumu ilikuja amri nyingine: pesa zilizoingia kwenye akaunti yake miaka ile zihesabiwe kuwa matunda ya wizi, azilipe serikalini, na akishindwa arudi gerezani. Sheria ya kule inamtaka yeye mwenyewe aonyeshe zilikotoka.

Ndugu zangu, ndani ya pesa hizo ulikuwemo mchango wenu wa kumzika mama yangu kule Uvira! Mlinipa mkononi, nami nikamtumia kaka, kwa sababu ndiye mtoto wa kwanza na ndiye aliyepanda ndege kwenda kuzika. Benki ilionyesha jina langu tu. Korti ikauliza: mwanamke anayeogesha wazee kwenye makao yao huko Bankstown amezitoa wapi? Nililia upya. Mama yangu azikwe na watakatifu, halafu isemwe amezikwa kwa pesa za wezi?

Loya wa kaka akakata rufaa, akasema bila ushahidi mpya tumekwisha. Nikafunga, nikaomba. Nikiwa bado kwenye magoti, nikamkumbuka shemeji yangu Deo na kamera yake. Kwetu msiba haupiti bila kurekodiwa, ili ndugu wa mbali waone. Siku ile ya matanga hapa Granville nilimfokea: "Deo, zima hiyo kitu! Unanichukua nikigaragara?" Hakuzima.

Video ile sikuwahi kuitazama, niliogopa. Nikaitazama. Nikajiona chini kwenye mkeka, kitenge kimelegea, na nyuma yangu mzee wa kanisa ameshika beseni, anamtaja kila mtu na alichotoa.

Nikamtumia loya, na majaji waliiona yote. Kule ilikuwa asubuhi, huku kwetu jioni, mimi natoa ushahidi kwenye skrini, mkalimani anafasiri hata nilivyomfokea Deo. Kisha yakaja majina yenu. Mama Furaha, mjane. Vijana wa kwaya. Baba Eliya anayekaa mtaa wa St Marys, ambaye wakati ule hakuwa na kazi. Jaji mmoja akaniuliza, "Hawa wote walimjua mama yako?"

Nikasema, "Hapana, mheshimiwa. Wananijua mimi."

Akaandika.

Mungu alitenda. Mchango wa msiba uliondolewa kwenye ile amri. Pesa zilizobaki ni za kosa lake, na kaka anazilipa polepole kwa mshahara wake. Yuko nyumbani na watoto wake.

Asanteni, ndugu zangu. Na wewe uliyebanwa leo, usiyeona pa kutokea, mtegemee Yesu. Ulichotoa kwa upendo yeye alikiona, hata kama wewe umeshakisahau.

Deo, shemeji yangu, siku nitakayokufa mimi, usizime.