Mama Hakusema Uongo: Maisha ya Esnath Asukile Mwaijande, 1953–2025

Marehemu mama yetu, Esnath, alizaliwa Uyole, Mbeya, tarehe 4 Juni 1953, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Asukile Mwaisaka na bibi Lusia. Alimaliza darasa la saba hukohuko mwaka 1968, kisha akajifunza kupiga chapa misheni.

Mwaka 1977 aliajiriwa kuwa karani wa tiketi katika kituo chetu hiki cha reli, nje kidogo ya Chimala, akadumu hapo miaka thelathini na mmoja. Siku moja mwaka 1984, mama mmoja wa Ubaruku alishikwa na uchungu akiwa kwenye foleni. Marehemu alimwingiza ofisini, akafunga kidirisha, akawaambia abiria, "Subirini kidogo, kuna msafiri anafika." Msafiri huyo, Masumbuko, ni mmoja wa waliochimba kaburi hili.

Tarehe 12 Mei 1979 alifunga ndoa na Gideoni Mwaijande, fundi wa njia ya reli, aliyetangulia mwaka 2011. Walijaliwa watoto wanne. Wa kwanza ni Anord, anayesoma wasifu huu.

Treni ya abiria ilipoacha kusimama hapa mwaka 2015, wagonjwa na akina mama wenye mizigo ya mchele walibaki kutembea mpaka barabara kuu. Marehemu, tayari mstaafu, alipita nyumba kwa nyumba akakusanya kwenye daftari sahihi 614 za kuomba treni isimame tena, nyingi za dole gumba. Mwaka 2019 alimkabidhi Anord, aliyekuwa na kazi ya ofisini mjini Mbeya, azipeleke kwa wakubwa wa reli. Anord aliona haya kuonekana na daftari la wanakijiji lenye alama za wino. Alilifungia kabatini. Kila alipoulizwa alijibu, "Wamepokea, Mama. Wanashughulikia."

Katika mkutano wa hadhara wa Septemba 2022, mgeni wa reli kutoka mjini alisema hakuna maombi yoyote yaliyowahi kufika. Marehemu alisimama, akasema yalifika, mwanawe ndiye aliyeyapeleka. Watu walicheka. Mmoja akasema bibi huyu anatudanganya. Anord alikuwa amekaa safu ya pili, na hakufungua mdomo.

Wiki iliyofuata, akiwa na miaka sitini na tisa, marehemu alianza upya na daftari jipya. Wapo waliomfungia mlango. Safari hii alilipeleka mwenyewe. Treni ilisimama tena hapa tarehe 3 Agosti 2024.

Mwaka huu alianza kuugua moyo. Mwezi Oktoba, akiwa amelazwa Mbeya, nilimweleza ukweli. Niruhusuni hapa niseme kwa kinywa changu. Aliniambia, "Nilijua siku ileile ya mkutano, mwanangu. Ulikuwa unatazama chini." Nikamuuliza kwa nini hakuwaambia watu kuwa nilimdanganya. Akasema, "Mimi walishanicheka. Wangekucheka na wewe, ingenisaidia nini?"

Alifariki nyumbani kwake Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025, saa nne asubuhi.

Ndugu zangu, mama hakusema uongo. Mwongo ni mimi. Nilimwomba msamaha chumbani tukiwa wawili, lakini alidharauliwa mbele yenu, na mbele yenu ndipo nilipopaswa kusema, alipokuwa angali anasikia.

Ameacha watoto wanne, Anord, Veneranda, Sifaeli na Lea, na wajukuu tisa. Mungu ampe pumziko nililomnyima mimi.