Unga wa Maziwa na Ng'ombe wa Mwisho wa Mama

Wanachama wenzangu, mwenyekiti ameniomba nishukuru, nisitukane. Nitajaribu.

Nilimaliza chuo kikuu, kazi hakuna, nikarudi kwa mama Kawangware. Alikuwa na ng'ombe watatu nyuma ya nyumba, na ndio walionisomesha. Kila asubuhi nilileta maziwa huku Soweto ya Kibera, mkanunua yakaisha.

Kisha serikali ikafungua soko. Redioni tukaambiwa ushindani utatufaa sote. Unga wa maziwa wa ng'ambo ukajaa madukani, bei yake chini kuliko majani ninayomlisha ng'ombe. Ndugu zangu, nawauliza: mkulima wa kule analipwa na serikali yake ndipo auze hapa kwa bei ya kutupa. Huo ni ushindani gani? Na mimi, askari wa jiji wakanimwagia mtungi mtaroni, eti maziwa yangu ni hatari kwa afya. Mtaro wa Kibera! Huo hawakuwahi kuuogopa!

Mama akapeleka ng'ombe wa kwanza kichinjioni, kisha wa pili. Mnunuzi alipokuja kumpapasa yule mwekundu, wa mwisho, mama aliangalia pembeni. Nikamwambia yule mtu arudi Jumamosi.

Wiki hiyo nikazunguka kwa wateja nikiuliza, "Mliniacha kwa nini?" Mama mmoja wa kutoka upande wa ziwa, yuko hapa, msigeuke kumtafuta, akacheka.

"Kijana, chai ni chai, hata unga inatosha. Lakini ugali nitakula na unga wa maziwa? Leta maziwa lala, ile nzito ya kwetu, uone kama utarudi na tone."

Kwetu yakiganda tulimpa mbwa! Akaniazima kibuyu chake, kikiwa na mabaki ya mgando ndani, nikamimina maziwa yetu humo yagande. Ijumaa mliyamaliza kabla sijafika nyumba ya mwisho.

Jumamosi mnunuzi akaja na kamba. Mama akamwambia, "Huyu hauzwi. Kunywa chai uende."

Basi namshukuru mwenye kibuyu. Nawashukuru nyinyi mliopiga miluzi kila askari walipotokea. Niliyojifunza ni haya: waulize wateja wako kabla hujamfungulia mnunuzi lango.

Lakini asiniambie mtu kwamba soko huria lilinifunza ubunifu. Zizi la mama lina nafasi mbili tupu, na yule mwekundu bado anageuka kuzitazama akikamuliwa. Nani alikula faida yao?

Mwenyekiti, hapo nimeuliza tu. Sijatukana.